Dodoma: Seva ya barua pepe ya ofisi, Gmail inarudisha barua zote kwa sababu ya PTR

zabibu_admin

Wakuu, habari za kazi.

Nina seva ya barua pepe ya ofisi ndogo hapa Dodoma, watumiaji 22, Postfix na Dovecot juu ya Debian 12. Laini ni ya mkongo na tumepewa kitalu cha IP za kudumu, /29 (anwani nane). Mbele ya seva kuna ruta ya MikroTik, yenye laini ya pili ya 4G ya akiba mkongo ukikatika. Tovuti haipo ofisini, iko kwenye hosting kwingine. Majina na namba nimebadilisha kuwa za mfano:

kitalu: 203.0.113.40/29
geti la mtoa huduma: 203.0.113.41
ruta: 203.0.113.42
seva: 203.0.113.43, kwa ndani 192.168.10.5
domeni: example.org

Barua zinaingia vizuri. Zinazotoka kwenda Gmail zinarudi, na logi inasema:

`550-5.7.25 [203.0.113.42]` kisha maelezo kwamba IP inayotuma haina PTR (rekodi ya DNS inayosema IP ni ya jina gani), au jina la PTR halirudi kwenye IP hiyo hiyo.

Nimeingia kwenye paneli ya domeni, nimeongeza rekodi ya aina ya PTR: 43.113.0.203.in-addr.arpa kwenda mail.example.org. Siku ya tatu leo, `dig -x 203.0.113.43` inajibu NXDOMAIN, yaani jina halipo. SPF (orodha ya IP zinazoruhusiwa kutuma kwa domeni) na DKIM (saini ya barua) ziko sawa. Nakosea wapi?

---

mlinzi_wa_zoni

Mkuu, umeandika rekodi sahihi kwenye daftari la mtu mwingine. Paneli ya domeni inatawala example.org na vilivyo chini yake tu. PTR haikai huko. Inakaa kwenye zoni ya IP, yaani sehemu ya DNS inayosimamiwa na mwenye IP, na IP si mali yako, umekodishwa pamoja na laini.

Fuata njia ambayo Gmail anaifuata akiulizwa 203.0.113.43 ni nani. Anageuza namba nyuma mbele, 43.113.0.203.in-addr.arpa, halafu anaanzia kwenye mzizi: arpa, in-addr.arpa, kisha shirika linalogawa IP za ukanda husika. Kwetu Afrika ni AFRINIC, ile ya Mauritius. AFRINIC anamwelekeza kwa seva za DNS za kampuni iliyosajiliwa kumiliki kitalu kikubwa, yaani mtoa huduma wako au yule anayemuuzia yeye. Kwenye safari hiyo yote hakuna mahali paneli yako inaulizwa. Ungeweza kuiacha rekodi yako pale miaka kumi na isingesomwa hata mara moja. Ifute, isije ikampoteza atakayekuja baada yako.

Kujua nani ameshika zoni:

`dig SOA 113.0.203.in-addr.arpa`
`dig -x 203.0.113.43 +trace`

Kwenye jibu la SOA (rekodi inayoitambulisha zoni) utaona jina la seva kuu na anwani ya msimamizi, ambapo nukta ya kwanza inasimama badala ya @. Huyo ndiye wa kuandikiwa. Ukipata jibu la in-addr.arpa yenyewe au la AFRINIC badala ya mtoa huduma, basi mtoa huduma hajakabidhiwa zoni kabisa, na kazi yake ya kwanza ni kuiomba AFRINIC kupitia akaunti yake. Wewe mteja huwezi kuiomba moja kwa moja.

Usipige simu ya huduma kwa wateja. Utaambiwa weka 8.8.8.8 kwenye kompyuta. Fungua tiketi, omba ifike NOC (kitengo cha mafundi wa mtandao), na andika hivi bila kuzungusha maneno:

"Tunaomba rekodi ya PTR. IP: 203.0.113.43. Jina: mail.example.org. Rekodi ya A ya jina hilo tayari inaelekea IP hiyo. Namba ya mkataba: … Mwombaji ni msimamizi aliyetajwa kwenye mkataba."

Sentensi ya mwisho ina uzito kuliko inavyoonekana. Tiketi ikitoka kwenye barua pepe ya fundi ambaye hayupo kwenye mkataba, inalala. Kama mkataba una jina la mhasibu au mkurugenzi, yeye ndiye atume.

Na kabla ya kutuma, hakikisha A (rekodi inayotoa IP ya jina) ipo kweli:

`dig +short A mail.example.org`

Ijibu 203.0.113.43 peke yake. Kama DNS ya domeni iko Cloudflare na umewasha lile wingu la rangi ya chungwa kwenye mail, utaona IP za Cloudflare, na PTR hata ikiwekwa leo haitakusaidia: jina litarudi kwenye IP isiyo yako. Kwenye mail wingu liwe la kijivu.

---

kebo_na_koleo

Yote aliyosema mlinzi_wa_zoni ni kweli, lakini someni tena ule ujumbe wa Gmail. Kwenye mabano kuna .42, siyo .43. Yaani barua zinatoka kwa jina la ruta. Ukimwomba mtoa huduma PTR ya .43 akakupa kesho asubuhi, kesho jioni utakuwa hapa tena na kosa lile lile.

Sababu ni NAT, yaani ruta kubadilisha anwani za ndani kuwa za nje na kinyume chake. Umefanya dst-nat kuingiza .43 kwenda 192.168.10.5, ndiyo maana barua zinaingia bila shida. Kutoka hukufanya chochote, kwa hiyo masquerade (NAT ya jumla ya vifaa vyote) inachukua anwani kuu ya ether1, ambayo ni .42. Thibitisha ukiwa ndani ya seva yenyewe, siyo kwenye laptop yako:

`curl -4 ifconfig.me`

Ikisema .42, weka hii kwenye MikroTik:

`/ip firewall nat add chain=srcnat src-address=192.168.10.5 out-interface=ether1 action=src-nat to-addresses=203.0.113.43 place-before=0`

`place-before=0` isiachwe. MikroTik inasoma sheria kutoka juu kwenda chini na inashika ya kwanza inayolingana. Ukiiweka chini ya masquerade haitafikiwa kamwe, na kaunta yake itabaki sifuri. Hiyo kaunta ndiyo shahidi wako: `/ip firewall nat print stats`.

Kuna watakaokushauri uache NAT ilivyo na uombe PTR kwa .42. Itafanya kazi, ila simu na laptop zote za ofisi zinatoka kwa .42. Siku kompyuta moja ya mapokezi ikishika kirusi kinachotuma spamu, .42 inaingia kwenye orodha nyeusi na barua za ofisi nzima zinakwama nayo. Una IP za ziada, mpe seva yake. Na kwenye ruta zuia poti 25 (ya kutuma barua) kutoka kwa kila kifaa isipokuwa 192.168.10.5.

---

jongomeo

Watumiaji 22 tu? Mimi nisingehangaika na mtoa huduma. Chukua huduma ya kupitishia barua, weka `relayhost = [relay.example.net]:587` kwenye Postfix, lipia kwa mwezi, PTR ni shida yao. Kupokea unaendelea kupokea mwenyewe.

---

mlinzi_wa_zoni

@jongomeo si wazo baya, na kama tiketi itakaa wiki mbili mimi mwenyewe ningelitumia kwa muda. Lakini asisahau kuwaongeza kwenye SPF, maana barua zitatoka kwa IP zao. Na hata akitumia relay, PTR ya .43 iwepo tu. Siku salio la relay likiisha au kadi ikikataa, mlango wake mwenyewe uwe wazi.

---

zabibu_admin

Ahsanteni sana. Kebo_na_koleo, ni kweli kabisa, curl ilisema .42. Nimeweka sheria, sasa inasema .43 na kaunta inapanda. Rekodi ya A ipo, wingu ni la kijivu.

Tiketi imejibiwa leo. Wanasema wameweka. Nikiuliza napata hivi:

`43.113.0.203.in-addr.arpa. 86400 IN PTR mail.example.org.113.0.203.in-addr.arpa.`

Na nikirudia, mara nyingine napata NXDOMAIN kama zamani. Gmail bado inakataa. Je, nisubiri isambae?

---

kebo_na_koleo

Usisubiri. Hiyo haitajirekebisha hata ukisubiri hadi msimu wa zabibu.

Wamesahau nukta. Kwenye faili la zoni, jina lisiloishia na nukta linaongezewa jina la zoni nyuma yake. Fundi ameandika

`43 IN PTR mail.example.org`

badala ya

`43 IN PTR mail.example.org.`

BIND, programu yao ya DNS, ikaunganisha, ndiyo maana umepata lile jina refu la ajabu. Warudishie tiketi ukiwa umebandika matokeo ya dig kama yalivyo. Fundi wa NOC akiiona ataelewa bila maelezo zaidi, na atarekebisha kabla hajamaliza chai.

---

mlinzi_wa_zoni

Naongeza kuhusu NXDOMAIN inayokuja na kuondoka, maana hilo ni tatizo la pili, siyo lile lile. Uliza kila seva ya zoni peke yake:

`dig NS 113.0.203.in-addr.arpa +short`
`dig @ns1… -x 203.0.113.43 +norecurse`
`dig @ns2… -x 203.0.113.43 +norecurse`

Mahali pa nukta tatu weka majina utakayopata kwenye NS. Nadhani utakuta moja inajibu na nyingine inakataa. Kinachotokea mara nyingi ni kwamba fundi amehariri faili kwenye seva kuu lakini hakupandisha namba ya mfululizo kwenye SOA. Seva ya pili inalinganisha namba, inaona hakuna jipya, haichukui nakala. Kwa hiyo nusu ya dunia inaona PTR na nusu haioni, kutegemea nani ameulizwa. Kwenye tiketi andika: "tafadhali pandisheni seriali, ns2 bado ina nakala ya zamani", na ubandike majibu ya zote mbili.

Hapo ndipo kusubiri kunaingia, baada ya kurekebishwa. TTL yao (muda wa kushika jibu) ni sekunde 86400, saa 24, kwa hiyo waliokwisha kulibeba jibu lenye kosa wanaweza kulishika kwa siku nzima. Na waliopata NXDOMAIN wanaishika pia, kwa muda unaotokana na SOA: TTL ya SOA yenyewe au ile namba ya mwisho ndani yake, yoyote iliyo ndogo. Usijaribu kutuma kwa Gmail kila dakika tano, utajichafulia jina bure. Ukitaka kujua kama kazi imekwisha, uliza ns1 na ns2 moja kwa moja. Zikikubaliana, acha mpaka kesho yake.

---

swali_dogo

Samahani kuingilia, niko Singida na hali inafanana kidogo. Tuna domeni tatu kwenye seva moja. Niombe PTR tatu kwa IP moja?

---

mlinzi_wa_zoni

Hapana ndugu. IP moja, PTR moja. DNS haikatazi nyingi, lakini anayepokea atachukua yoyote itakayotangulia, na ukaguzi utapita leo na kugoma kesho. PTR ni jina la mashine, siyo la domeni inayoandikwa kwenye sehemu ya "Kutoka" ya barua. Chagua mail.domeni-ya-kwanza, weka hilo hilo kwenye HELO (jina ambalo seva inajitambulisha nalo), na domeni nyingine mbili ziwe na MX (rekodi ya seva inayopokea barua) inayoelekea jina hilo. SPF na DKIM ndizo zinazosema domeni ipi imeruhusiwa.

Na usiombe PTR iwe jina tupu la domeni, kama example.org bila mail, ikiwa tovuti iko hosting kwingine. A ya example.org itaelekea hosting, PTR itaelekea ofisini, haviwezi kukutana.

---

faili_la_zoni

Kwa nini msimwambie aombe akabidhiwe /29 yake aisimamie mwenyewe? RFC 2317, waraka wa kiufundi wa intaneti wa mwaka 1998, iliandikwa kwa ajili ya vitalu vidogo kuliko /24. Mtoa huduma anaweka kwake:

`40-47 IN NS ns1.example.org.`
`43 IN CNAME 43.40-47.113.0.203.in-addr.arpa.`

na wewe kwenye seva yako ya DNS unakuwa na zoni 40-47.113.0.203.in-addr.arpa, ndani yake:

`43 IN PTR mail.example.org.`

Baada ya hapo hutegemei tiketi ya mtu.

---

kebo_na_koleo

Ni nzuri ukiwa na mashine sita zinazohama hama. Kwa rekodi moja ambayo haitabadilika mpaka mkataba uishe, unamuongezea mzigo wa kuendesha seva mbili za DNS ambazo lazima ziwe hewani wakati wote. Zikiwa ofisini kwake, mkongo ukikatika PTR nayo inapotea, na ni wakati huo huo anaouhitaji.

---

faili_la_zoni

Zoni si lazima ikae ofisini. Ila sawa, kwa rekodi moja nakubali.

---

zabibu_admin

Wamerekebisha nukta na seriali. ns1 na ns2 zote zinasema mail.example.org. Nilikaa siku moja, nikajaribu: Gmail inapokea. Lakini si kila mara! Barua kumi, sita zimefika, nne zimerudi na msimbo ule ule wa PTR. IP kwenye mabano sasa ni ndefu, inaanza na 2001.

---

kebo_na_koleo

IPv6. Mtoa huduma amewasha IPv6 kwenye laini, seva imejipatia anwani yenyewe kutoka kwenye tangazo la ruta, na Postfix inaitumia. Kwa chaguo-msingi `smtp_address_preference` ni `any`, yaani ikikuta Gmail ana IPv4 na IPv6 inachagua bila mpangilio. Ndiyo maana nyingine zinapita. Anwani hiyo ya v6 haina PTR, na Gmail hana huruma na hilo.

Njia fupi:

`postconf -e 'inet_protocols = ipv4'`
`systemctl restart postfix`

Ni restart, siyo reload. Hiki ni kimoja kati ya vipengele ambavyo Postfix haivisomi upya ikiwa inaendelea kukimbia. Watu wengi wanafanya reload, wanaona hakuna kilichobadilika, wanaanza kuhangaika na mengine.

Njia ndefu ni kuipa seva anwani ya v6 isiyobadilika, kuitaja kwenye `smtp_bind_address6`, kuongeza AAAA (rekodi kama A, ila ya IPv6) na SPF, na kuomba PTR yake kwenye ip6.arpa. Huko kila herufi ya anwani inasimama peke yake na nukta yake, 32 kwa jumla, zimegeuzwa. Usiandike kwa mkono. `dig -x` ukiipa anwani ya v6 itakuonyesha jina lote, nakili hapo. Kwa ofisi ya watu 22 mimi ningebaki na v4.

---

mlinzi_wa_zoni

Ukiwa humo humo, angalia HELO. `postconf myhostname smtp_helo_name`. Kama myhostname ni kitu kama seva.local au jina alilopewa wakati wa kusanikisha Debian, irekebishe:

`postconf -e 'myhostname = mail.example.org'`

Majina matatu yalingane: HELO, PTR, na A. Gmail anaangalia zaidi PTR na A, lakini seva nyingine, hasa za taasisi zinazoendesha kichujio chao wenyewe, zinakataa HELO isiyokuwepo kwenye DNS. Wala usikubali mtoa huduma akuachie jina la kawaida la aina ya 203-0-113-43.static… hata kama linarudi sawa. SpamAssassin ina kanuni ya RDNS_NONE kwa asiye na jina na RDNS_DYNAMIC kwa jina linalofanana na la laini za majumbani, na jina lililojaa namba linaweza kukuongezea pointi.

Tazama pia kama .43 iko kwenye PBL ya Spamhaus. Hiyo si orodha ya wahalifu, ni ya IP ambazo hazitarajiwi kutuma barua moja kwa moja, na vitalu vya laini za intaneti huwekwa humo kwa jumla. Ukiwa na IP ya kudumu na PTR iliyokaa sawa, unaomba kutolewa kwenye tovuti yao.

Na kama kwenye SPF umeweka neno `ptr` ukidhani linahusiana na haya, litoe. RFC 7208 inasema lisitumike. Hii inatosha: `v=spf1 ip4:203.0.113.43 -all`

---

zabibu_admin

Nimefanya yote. Myhostname ilikuwa kweli jina la .local. Barua 20 kwenda Gmail, 20 zimefika. Kwenye vichwa vya barua naona mail.example.org na .43 pamoja, spf=pass, dkim=pass. PBL tulikuwemo, nimeomba kutolewa.

Limebaki moja: mkongo ukikatika, ruta inahamia 4G. Hapo barua zitatoka kwa IP gani?

---

kebo_na_koleo

Kwa IP ya mtandao wa simu, unayochangia na wateja wengine wengi nyuma ya NAT yao. Angalia anwani ambayo ruta imepewa upande wa 4G, ikiwa kati ya 100.64 na 100.127 hakuna ubishi. PTR huwezi kupewa, SPF yako ya `-all` itaikataa, na kuna uwezekano poti 25 imefungwa tangu mwanzo. Kibaya zaidi ni ikiwa haijafungwa: barua zinatoka, zinakataliwa kwa 550, na 550 ni kosa la kudumu. Postfix hairudii, inamrudishia mtumaji papo hapo.

Kwa hiyo mzuie asitoke kabisa:

`/ip firewall filter add chain=forward src-address=192.168.10.5 protocol=tcp dst-port=25 out-interface=lte1 action=reject reject-with=tcp-reset place-before=0`

Postfix ikikosa kuunganika inaiona kama shida ya muda. Barua inakaa kwenye foleni, inajaribu tena baada ya sekunde 300, kisha kwa vipindi vinavyorefuka hadi 4000, na inaendelea hivyo kwa siku tano kabla ya kukata tamaa. Mkongo ukirudi, `postqueue -f` inasukuma foleni yote mara moja. Watumiaji wasipige kelele kwamba barua zimepotea, weka `delay_warning_time = 4h`, mtumaji ataarifiwa kwamba yake bado iko njiani.

Jaribu mchana wa Jumamosi ofisi ikiwa tupu. Chomoa waya wa mkongo, tuma barua moja, kisha `mailq`. Ukiikuta pale ina maelezo ya kukataliwa kuunganika, rudisha waya na usukume foleni.

---

zabibu_admin

Nimejaribu jioni hii. Barua ilikaa kwenye foleni dakika 11, nimerudisha waya, `postqueue -f`, imefika Gmail kwa .43. Ahsanteni wakuu.